Ombi la Kumfutia Stepanida Hatia ya Kukaa Kimya

Kwa Ndugu Mhariri,
Gazeti la Wilaya, Loznovo.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, nazo zikukute mzima, na jiko la nyumbani kwako liwe halitoi moshi kama letu. Mimi ni Kapitolina Savelyevna, mpokea makoti wa Nyumba ya Utamaduni hapa mjini. Watu huniita Shangazi Kapa. Hata koti lako nimewahi kulitundika, lile la kijivu lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti na wenzake. Kama mkeo bado hajakibadilisha, niletee, uzi ninao. Shuleni niliishia darasa la nne, vita ikaingia, kwa hiyo nikikosea mahali usinicheke, nirekebishie tu.

Nimeandika kulalamika. Ni mara yangu ya kwanza, sijui wenzangu huanzia wapi, basi mimi nitaanzia mwanzo.

Kila mwezi Klabu ya Wasomaji hukutana ukumbini kwetu kuzungumzia hadithi za waandishi wetu wa zamani. Mwenyekiti wake ni Rimma Arkadyevna, mwalimu wa fasihi, mwanamke msomi na mwenye sauti. Huyo huyo ndiye mama yake Gleb, na Gleb ndiye mchumba wa binti yangu Ulyana. Hili naomba ulishike mapema, maana ndipo roho yangu ilipo. Harusi ilipangwa iwe mwezi wa sita. Mei tuliikwepa, kama unavyojua, anayeoa Mei hutaabika maisha yake yote.

Sasa mwezi uliopita klabu iliona kuzungumza tu hakutoshi, ikaamua kufanya mahakama. Desturi hii unaijua: mhusika wa kitabuni anashtakiwa, anawekewa mwendesha mashtaka na wakili, watu wanabishana, na mwisho ukumbi mzima unapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mshtakiwa alikuwa Stepanida, mtumishi katika hadithi ya yule mzee mwenye ndevu ambaye picha yake imetundikwa juu ya tangi letu la maji ya kunywa. Labda uliisoma ukiwa kijana ukaisahau, nikukumbushe. Stepanida anamtumikia bwana mwenye shamba. Kila mwaka bwana anamwahidi kwamba mavuno yakikaribia atamruhusu aende kwa dada yake. Kila mwaka anafunga furushi, analikalia pale mlangoni, na bwana anaita kutoka ndani, "Stepanida, miguu yangu ina baridi." Anaondoka juu ya furushi, anakwenda kuipasha joto miguu ya bwana kwa tumbo lake, na nje mkokoteni unaondoka bila yeye. Mwisho wa hadithi anafia palepale, juu ya furushi. Ulyana aliponisomea nililia mpaka unga niliokuwa nakanda ukahitaji unga mwingine. Rimma Arkadyevna yeye hakulia. Alichukua kalamu.

Mahakama haifai bila mshtakiwa wa kutazamwa. Ndipo aliponijia chumba cha makoti akaniambia, "Shangazi Kapa mpenzi, sura yako ni ya zama zile hasa. Njoo ukae tu. Maneno huna, kwenye hadithi yeye hasemi kitu. Na hicho kitambaa cha kichwani usikivue." Nikamwambia nina makoti ya watu. Akanijibu, "Makoti hayana miguu." Ningemkatalia vipi mkwe wangu mtarajiwa? Nikaleta na kigoda changu kutoka nyumbani, maana viti vya ukumbini vina mito, na yeye alisema mshtakiwa hawezi kukalia mto.

Kwa ufupi nilikaa, wakasema, nikahukumiwa. Mikono ilisimama kama uzio wa bustani. "Ana hatia ya kushiriki katika kudhulumiwa kwake mwenyewe." Wakapiga makofi, nami nikatoka mbio kuwagawia makoti, maana watu wakishamaliza kuhukumu huwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hukumu ilitoka kitabuni ikanifuata mtaani. Kwenye foleni ya samaki wa chumvi, jirani yangu Zoya aliniambia mbele za watu, "Wewe mfungwa, pita nyuma. Si umezoea?" Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikapita nyuma, kwa sababu ukianza kubishana foleni inasimama na kuna watu wameacha watoto nyumbani. Mwangalizi wa jengo letu naye ameniongezea ngazi za kupiga deki, zangu na za ghorofa ya juu. Nilipomtazama akasema, "Usinitazame hivyo, Shangazi. Wewe hukatai, imeshapigiwa kura."

2. Hili ndilo zito. Jumapili iliyofuata Rimma Arkadyevna alimwambia Gleb mezani, na Ulyana wangu yupo palepale na mikono yake ndani ya ndoo, "Mimi mwanangu namtakia mwenzi, simtakii mtumishi. Unyonge unarithiwa kama pua. Umemwona mama mtu alivyokaa pale? Harusi ingoje kwanza, tuone kama huyu binti ana msimamo." Alipomaliza kusema akampa Ulyana ndoo ya pili, ya madirisha ya upande wa barabarani. Ulyana amekuwa akimwoshea madirisha kila Jumapili tangu theluji ilipoanza kuyeyuka. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, leo nimefeli mtihani nikiwa nimeshika tambara la mwalimu." Nikamuuliza kama madirisha yalitakata. Akasema yalitakata. "Basi usikasirike, mwanangu," nikamwambia, "funika kombe mwanaharamu apite." Akaenda kulala bila kula.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wangu hataolewa mpaka Stepanida aachiwe huru. Gleb anampenda, hilo naliona, na Ulyana anampenda zaidi kuliko anavyotaka nijue. Kwa hiyo naomba kesi isikilizwe upya, ukumbi uleule na mikono ileile, afutiwe hatia hadharani ili na watoto wetu waoane.

3. Wakili wa utetezi. Alikuwa Gleb mwenyewe. Sisemi kwa ubaya, kijana ni mwema, anakula vizuri na anashukuru. Alikuwa amejiandaa kwa karatasi nyingi, Ulyana alimsikia akizifanyia mazoezi bustanini, na anasema zilikuwa zinatoa machozi. Zamu yake ilipofika alisimama, akamtazama mama yake, akasema, "Sina la kuongeza," akakaa. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuuliza unyonge wa huyo umerithiwa kutoka kwa nani. Mimi sina nia mbaya, kwa hiyo siulizi.

4. Bwana hakushtakiwa. Nilikaa pale kwenye kigoda nikimngoja aitwe, nikasema labda anakuja baada ya mapumziko. Mhandisi wa kiwanda cha maziwa akasimama akasema bwana alikuwa mtoto wa zama zake. Mama wa duka la dawa akasema tusimhukumu kwa macho ya leo, alilelewa hivyo, na mama yake mzazi alikuwa mkali. Mwingine akakumbusha kwamba miguu kupata baridi ni ugonjwa. Basi bwana akapewa zama, akapewa malezi, akapewa na ugonjwa, akaenda zake. Stepanida yeye alipewa kitu kimoja tu, nacho walikirudia jioni ile hadi nikakikariri: "Alikuwa na uchaguzi." Ndugu Mhariri, mimi ningependa kujua alikuwa ameuweka wapi. Mwandishi ametueleza vyote vilivyokuwa ndani ya lile furushi, shali, kipande cha sabuni na mkate wa kumpelekea dada. Uchaguzi hakuutaja.

5. Suala la kukaa. Rimma Arkadyevna alinyoosha kidole kwangu akauliza ukumbi, "Kwa nini alikaa? Miguu si alikuwa nayo?" Na watu wazima, wenye vyeti, wakatikisa vichwa kwa huzuni. Hivi kweli kuna mtu mji huu anayetoka nyumbani kwake kusafiri bila kukaa kwanza? Unafunga mizigo, unaikalia, mnanyamaza wote kidogo, mmoja anasema, "Haya, Mungu atutangulie," samahani kwa kumtaja, najua gazeti lenu haliruhusu, ndipo mnanyanyuka. Usipokaa, safari inaharibika. Stepanida alikalia furushi kwa sababu alikuwa anaondoka. Ukumbi ule ulijaa watu ambao hawajawahi kwenda hata mji wa mkoa bila kukaa, na hakuna aliyefungua mdomo. Rimma Arkadyevna mwenyewe alipokwenda mapumziko ya afya alikalia meza yangu ya makoti na sanduku lake mkononi, akaniamuru na mimi nikae, nami sikuwa na safari yoyote. Haya yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mshtakiwa hana maneno, na nilikuwa nimeshaahidi.

6. Ikiwa hatia lazima ibaki, basi tugawane sawasawa, asiachiwe mmoja. Ashtakiwe na mwandishi. Kalamu alishika yeye. Farasi wa bwana alimpa ukurasa mzima, kunguru wa kwenye paa aliwapa mazungumzo yao, Stepanida hakumpa hata neno "la", ambalo ni fupi na halimalizi wino. Halafu watu wanamlaumu kwa nini hakusema. Na washtakiwe wasomaji. Hadithi ile inasomwa tangu wakati wa babu zetu, na kila inaposomwa mama yule anaamka tena, anafunga tena furushi lake, anaipasha tena ile miguu. Katika miaka yote hiyo hakuna msomaji hata mmoja aliyefunga farasi akampelekea mkokoteni mwingine. Wanavuta pumzi, wanasema, "Inasikitisha," wanakunywa chai. Chai hiyo naichemsha mimi, nikimaliza makoti, na pai za kabichi natoka nazo nyumbani kwa sababu bila kitu cha kutafuna majadiliano yao hupoa. Mara ya mwisho walimjadili karani mmoja aliyekuwa akibeba kuni za mkubwa wake kila asubuhi, wakakasirika sana kwa niaba yake, mpaka mhandisi akagonga meza. Walipomaliza kukasirika waliniachia vikombe vyote, na viti vikiwa vimetawanyika ukumbi mzima. Sisemi kitu. Natoa tu mfano wa hali ya ukumbi.

Wasomaji wakishashtakiwa, na mimi nimo, maana nilisikiliza na nililia. Naomba tu nisihukumiwe mara mbili.

7. Lilikuwepo, nimelisahau. Linahusu tangi la maji. Likinirudia nitaliongeza.

8. Naomba gazeti lichapishe masahihisho. Mlifanya hivyo mlipokosea jina la ng'ombe aliyeshinda tuzo, na mwenye ng'ombe alifurahi sana. Nimeshakuandikia ili usipate taabu: "Katika hadithi ya mwandishi wetu mpendwa ilichapishwa kwamba mtumishi Stepanida alifia juu ya furushi. Sahihi ni kwamba alipanda mkokoteni akafika kwa dada yake kabla mkate haujakauka. Tunaomba radhi kwa msomaji." Halichukui nafasi kubwa. Mwandishi amekwisha fariki, hawezi kukasirika, na uso wake pale juu ya tangi la maji ni wa mtu anayekubali ushauri. Naona ndilo lile la namba saba limenirudia.

9. Mwisho nataka ijulikane kwamba mimi na Stepanida hatufanani, licha ya hayo mambo ya sura. Yeye hakuwahi kufika kwa dada yake. Mimi nina dada, Glafira, anakaa kule kwenye mto uitwao Kama, na kwenda nitakwenda. Ningekuwa nimeshakwenda. Mwaka ule mjukuu wake alipozaliwa ukumbi ulikuwa unapakwa rangi, wakaniomba nilinde chumba cha makoti, ingawa kilikuwa kiangazi na hapakuwa na koti hata moja. Mwaka uliofuata Rimma Arkadyevna alisafiri, na paka wake hali chakula kwa mtu mwingine. Mwaka jana sikumbuki ilikuwa nini, lakini ilikuwa ni jambo la haraka. Mwaka huu Ulyana amenikatia tiketi mwenyewe, ya Jumamosi, bila kuniuliza, na sanduku ameliweka mlangoni. Kwa hiyo tofauti ni wazi. Stepanida alingoja mkokoteni, mimi nangoja treni. Tena yeye alinyamaza, na mimi, kama unavyoona, nasema kurasa kwa kurasa. Mtu anayeandikia gazeti huwezi kumwita mnyonge.

Sipendi mtu yeyote aumie kwa barua hii. Rimma Arkadyevna ni mwanamke mwenye moyo, alinipa kofia yake ya zamani, na sehemu iliyoliwa na nondo haionekani ukiigeuzia nyuma. Watu wa klabu ni wema, wanasema asante kila wanapokumbuka. Nasema tu kama wahenga: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wao kunyonga wameshanyonga, imebaki hiyo nusu ya pili.

Msalimie mkeo, na mama yake kama bado anaumwa magoti, ajaribu majani ya kabichi yaliyopondwa, afunge kwa kitambaa cha sufu. Wasalimie wapiga chapa wote na yule dada anayesahihisha makosa, mwambie asichoke. Dereva wako alisahau skafu tangu majira ya baridi, nimemfulia, iko kwenye msumari wa mwisho.

Nakungoja, bila kukuharakisha,

Kapitolina Savelyevna,
Chumba cha makoti, mlango wa kushoto.

Nyongeza. Leo ni Jumamosi, barua bado ninayo kwa sababu stempu ziliisha posta. Asubuhi hii nilikuwa nimekalia sanduku pale mlangoni, kama inavyotakiwa, Ulyana kando yangu, tumenyamaza. Chini Gleb alikuwa ametuletea gari la mjomba wake atupeleke stesheni. Alikuwa hapigi honi, mtoto mpole. Ikabishwa hodi. Rimma Arkadyevna, na boksi la keki. Akasema Alhamisi wanakuja wageni wa mkoa kutazama mahakama yetu, imesifiwa sana, na mshtakiwa lazima awe yuleyule. "Kwa dada yako utakwenda wakati wa mavuno, Shangazi Kapa. Dada haendi popote." Nami, Ndugu Mhariri, nisikufiche, nilikuwa nimeshaanza kujibu kwamba ni kweli, Glafira haendi popote, na mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageukia birika.

Ulyana akaweka mkono kwenye goti langu. Hakubana. Akanyanyuka yeye, akamwambia mama mkwe wake, kwa heshima zote, "Rimma Arkadyevna, mama anasafiri. Alhamisi kaa wewe kwenye kigoda. Maneno huna, unakaa tu. Na madirisha yako ya barabarani, Jumapili hii sitakuja."

Rimma Arkadyevna hakupata neno. Mwalimu wa fasihi. Tukasimama hivyo, keki katikati yetu, nikawa nangoja dari ishuke. Badala yake Gleb akapiga honi. Ndefu, bila kuachia, mpaka Zoya akafungua dirisha akauliza nani amekufa. Ulyana akanitazama, na kwa ule uso wake, naona harusi haitangoja kura ya mtu.

Kwa hiyo ombi langu nalifuta lote, kuanzia namba moja, isipokuwa lile la masahihisho. Hukumu iacheni ilivyo. Kunyanyuka kulikuwa kunawezekana, nimejaribu mwenyewe sasa hivi, magoti yanalia kidogo tu. Ila andikeni pembeni kwamba juu ya furushi lile Stepanida alikaa peke yake.

Kigoda nimemwachia Rimma Arkadyevna, keki tumeichukua kwa safari. Samahani kwa mwandiko wa mistari hii ya mwisho, naiandika nimesimama.